Mbegu Ndani ya Kofia

"Kwa nini kigong'ota haumwi kichwa?" Hilo ndilo swali nililoulizwa nilipokwenda kutafuta kazi Nakuru, katikati ya miaka ya hamsini, na sikuweza kulijibu. Aliyeniuliza alikuwa fundi seremala, Kalasinga mwenye ndevu nyeupe, jina lake Kirpal, ambaye karakana yake ilikuwa nyuma ya stesheni ya reli. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Kampala na shahada ya elimu ya mimea, na nilikuwa nimegundua kwamba katika mji mzima hakuna aliyejua afanye nini na mwanamke Mwafrika mwenye kitu kama hicho. Fundi Kirpal alikuwa ameshika randa mkononi. Aliinyoosha kuelekea mgunga uliokuwa uani, ambako ndege mmoja alikuwa akigonga shina bila kupumzika. "Mimi napiga nyundo siku moja, jioni mkono yote nauma," alisema. "Huyu napiga na kichwa toka asubuhi. Haumwi. Wewe msomi, sema kwa nini." Nilimwambia sijui. Kisha, kwa sababu sikuwahi kuweza kuacha jambo likapita, nikamuuliza alijuaje kwamba ndege haumwi. Alicheka mpaka akaweka randa chini, akasema nianze Jumatatu.

Nimekumbuka haya kwa sababu tumemzika Truphena majuzi, huko Rongai, kwenye shamba ambalo yeye na mumewe Shadraka walihamia uzeeni. Shadraka alitangulia zamani. Nimebaki mimi, nami nimechoka. Siku hizi nikienda mazishini huwekwa kiti cha mbele na kufunikwa blanketi kama mzigo, na vijana huinama kunisalimu kwa sauti ya juu wakidhani sisikii. Nasikia vizuri. Kinachonilemea ni kusikia watu wakieleza maisha ya mtu niliyemjua, na kila wanachosema kiwe kweli, na bado yeye asiwemo. Walisema Truphena alikuwa mcha Mungu na mlezi wa wengi. Hakuna aliyesema kwamba alikuwa na hasira ya haraka na masikio makali, na kwamba mwaka ule masikio yake ndiyo yaliyokuwa kipimo chetu.

Tulipakana vyumba katika mtaa wa Bondeni, hapo Nakuru. Kati ya chumba changu na chao palikuwa na ukuta wa mbao uliobandikwa magazeti, na kwa kuwa ndugu zake walikuwa mbali kama wangu, tulipika pamoja mbele ya mlango wake. Mimi nilimwita Mama Rebeka, kwa jina la mtoto wake wa kwanza aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, na mumewe nilimwita shemeji. Shadraka alifanya kazi kwenye machimbo ya udongo mweupe upande wa Elementaita. Alilala hukohuko wiki nzima na kurudi Jumamosi kwa lori, mweupe kuanzia nywele mpaka kope. Udongo ule ni maganda ya mimea midogo ya ziwa la kale, madogo kiasi kwamba jicho haliyaoni. Niliwahi kuyatazama chuoni kwa hadubini: maganda ya kioo yenye matundu yaliyopangwa kama ya chujio. Shadraka hakuvutiwa nilipomweleza. "Shemeji," aliniambia, "mimi hayo maganda nayatema kila asubuhi. Ningependa kuyaona yakiwa nje." Wachimbaji waliingia mlimani kwa mahandaki, na dari za mahandaki zilikuwa na tabia ya kuachia vipande bila taarifa. Juu ya udongo laini kulikuwa na matabaka ya mawe, na mawe ndiyo yaliyoua. Fundi Kirpal alikuwa ameahidi machimbo kofia za kuwalinda watu wale vichwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na ndiyo sababu ya kigong'ota.

Siku moja fundi alimkuta kigong'ota amekufa chini ya mgunga, akanipa nimchunguze. Nilihitaji kuutoa ubongo na nyama ili nione mfupa, kwa hiyo nilikichemsha kichwa chake. Sufuria yangu ilikuwa na maharagwe. Truphena alirudi kutoka bombani na ndoo ya maji kichwani, chini yake kata ya nguo kuukuu, akachungulia jikoni na kusimama hapohapo. "Perisi. Hiki ni nini?" Nilimwambia ni kichwa cha ndege. "Naona ni kichwa cha ndege. Nauliza kinatafuta nini kwenye sufuria ya uji wa Rebeka." Nilianza kumweleza habari za mfupa. "Huko Kampala walikufundisha nini, wewe? Watu wanakwenda kusoma wanarudi wanajua kuandika, huyu amerudi mchawi!" Aliisugua sufuria ile kwa majivu mara tatu, na kwa miezi mingi baadaye, nikimsifia chakula, alikuwa akiuliza kama hakijapungukiwa na mdomo wa ndege. Lakini jioni ileile, hasira ikiwa imeshuka, alisogea na taa nilipokuwa nikiukata mfupa kwa wembe. Tuliona pamoja: nyuma ya mdomo, fuvu halikuwa gumu tupu. Nje palikuwa na ganda jembamba, na ndani palikuwa na mfupa wenye vijitundu kama mkate. "Amevaa kata," Truphena alisema. "Lakini ameivalia ndani."

Fundi aliposikia hayo alifurahi kuliko mimi. Hapo ndipo jibu lake lilipokuwa, alisema: ule mkate unameza pigo. Mimi sikuridhika. "Kama pigo linamezwa," nilimuuliza, "mti unatobolewa na nini?" Alinitazama juu ya miwani. "Wewe nauliza kama askari wa kipande. Ndege natoboa mti, ndege haumwi, mfupa iko na matundu. Nataka nini tena?" Nilitaka jibu. Sikulipata, na kazi iliendelea bila jibu, kama kazi nyingi nilizozijua baadaye.

Tulijaribu vitu vingi. Tuliweka yai bichi ndani ya kibuyu, tukakivisha kibuyu kofia, kisha fundi akapanda ngazi na kuangusha kipande cha chuma cha reli. Kwa kofia ya bati, bati lilibonyea kidogo tu na yai likapasuka. Tuliweka mpira wa tairi kuukuu chini ya bati: chuma kiliruka juu kama mbuzi, tukashangilia, tukafungua kibuyu, yai limepasuka. Mayai yaliyopasuka niliyapeleka nyumbani kwenye kikombe, na Truphena akayakaanga na vitunguu. Akawa akiniuliza nikifika mlangoni, "Leo sayansi imeshindwa? Ama tunakula sukuma tupu?" Jibu lilikuja kwa mafunjo. Fundi alileta mzigo wa mafunjo kutoka Naivasha, yale yenye shina la pembe tatu na nyama nyeupe nyepesi ndani. Tuliyakausha, tukayakata vipande vifupi, tukavisimamisha ubavu kwa ubavu kama masega ya nyuki na kuvishika kwa gundi ya kwato. Chuma kiliposhuka hakikuruka. Kilitua kwa sauti ndogo, kama mtu anayeketi kwenye godoro, na kubaki pale. Mafunjo yalikuwa yamesagika, kofia imeharibika kabisa, na yai lilikuwa zima. Jioni hiyo tulikula sukuma tupu, na Truphena alisikitika waziwazi.

Nilielewa siku ile, na sijaacha kuelewa hivyo, kwamba mpira unalirudisha pigo na funjo linakufa nalo. Kitu kinachomeza pigo hakiwezi kubaki kama kilivyokuwa. Nilimweleza Shadraka hivyo kwa fahari Jumamosi alipoletewa kofia ya kwanza, wakati sote tumekaa kwenye vigoda na sahani magotini. Nilimwambia imetengenezwa ivunjike. Aliigeuza mikononi. Ilikuwa nzuri, fundi hakuweza kutengeneza kitu kibaya: mafunjo yalionekana nje yakiwa yamepakwa vanishi, kama kikapu cha bibi harusi. Shadraka aliniuliza, kwa upole, kama nina hakika. Truphena hakuwa mpole. "Ikivunjika, pale ofisini atasema nini?" Nilisema atasema imefanya kazi yake. Aliangua kicheko. "Atamwambia mzungu, kofia yako nimeivunja kwa sababu imefanya kazi? Wewe Perisi, uliwahi kufanya kazi kwa mtu?"

Sikuwahi, kusema kweli, zaidi ya kwa Fundi Kirpal. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na mkoloni. Mtu aliweza kusimamishwa barabarani kwa sababu ya mkunjo kwenye kipande chake, ile karatasi ya ruhusa ya kutembea. Huko machimboni aliyerudisha taa iliyopasuka au sururu yenye mpini uliokatika aliitwa ofisini aeleze, na waliokwenda kueleza hawakurudi wote kwenye kazi zao. Haya Shadraka hakunieleza mimi. Nilimsikia akimweleza mkewe usiku kupitia magazeti ya ukutani, kwa sauti ya mtu anayezungumza akiwa amelala chali.

Jumamosi chache baadaye alirudi na kitambaa kimefungwa kichwani, na chini ya kitambaa damu imekauka na vumbi jeupe ikawa kama uji uliogandia sufuria. Mkononi alikuwa na kofia. Ilikuwa imeviringishwa ndani ya shati lake safi, na haikuwa na mkwaruzo. Truphena aliitazama kofia, akamtazama mumewe. "Ulikuwa umeivaa?" Shadraka aliketi. Alisema dari ilipoanza kulia, wote waliovaa kofia mpya walizivua wakazikumbatia chini ya kwapa, wakakimbia. Hakuna aliyewaambia. Kila mmoja alilifikiria mwenyewe. "Jiwe lilikuwa dogo," alisema. "Kichwa kitapona. Kofia haiponi." Truphena alicheka, cheko refu lisilo na furaha, na katikati yake likageuka kuwa kilio, akaingia ndani. Nilibaki nje na shemeji. Aliniomba radhi, eti kwa sababu nilikuwa nimejitahidi sana.

Nilitaka kwenda kwa meneja kumweleza. Fundi Kirpal alijua kitakachotokea, lakini alinipeleka, labda ili nijifunze. Tulibeba kofia moja tuliyoivunja wenyewe, na yai. Meneja hakulitazama yai. Aliingiza kidole kwenye mafunjo yaliyosagika, akasema aliahidiwa kofia imara, na kama hizi zinavunjika basi zilikuwa dhaifu au watu wake walikuwa wazembe, nasi tumwambie ni lipi kati ya hayo. Njiani fundi alinigeukia, mikono kwenye usukani. "Umeona?" alisema. "Hii mtu nataka kofia ikae. Kichwa yeye hana habari. Basi tunapatia yeye kofia inakaa."

Ndivyo tulivyorudi kwenye fuvu la ndege. Ganda nje, mkate ndani. Fundi alilowesha ngozi mbichi ya ng'ombe, akaivuta juu ya kinyago cha mti alichokichonga kwa kipimo cha kichwa chake mwenyewe bila kilemba, akaiacha ikauke mpaka ikawa ngumu kama ubao. Mafunjo yakaingia ndani, yakafunikwa kwa kitambaa cha shuka. Kofia ile ikipigwa, ngozi ilikunja uso kidogo tu na kurudi. Mafunjo yalikufa kimyakimya ndani, pasipoonekana na mtu. Fundi aliona tumemaliza. Mimi, kama kawaida yangu, niliona ubaya wake hapohapo: kama meneja haoni kwamba imevunjika, na mvaaji naye haoni. Mtu angeweza kuvaa kofia iliyokwisha kufa, akaiamini, akasimama chini ya dari ambayo angeikimbia kama angekuwa kichwa wazi. Nilimwambia fundi kwamba kofia hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na kofia. Alitupa patasi. "Jana inavunjika, wewe nalia! Leo haivunjiki, wewe nalia!"

Nililipeleka swali nyumbani kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kulipeleka. Truphena alikuwa akichambua maharagwe, na Rebeka alikuwa kwenye mkeka akitikisa kopo la dawa lililotiwa mbegu zile nyeusi, ngumu, za maua mekundu yaliyopandwa mbele ya nyumba za wakubwa wa reli. Tulizungumza kwa kupigana na kelele za kopo. Nilikuwa nikimwambia kwamba tunahitaji alama ambayo mvaaji ataijua na ofisi haitaijua. Kelele zilizidi. Truphena alinyoosha mkono kumnyang'anya mtoto kopo, akalishika, lakini hakuliweka chini. Alilitikisa karibu na sikio lake. Alinitazama. Nami nikawa nimeshaelewa, na kwa mara moja katika mwaka ule hakuna aliyeuliza chochote.

Tulitoboa baadhi ya mafunjo kwa msumari wa moto, tukatia mbegu moja katika kila tundu na kuziba kwa nta. Kofia nzima haikutoa sauti hata ukiitikisa kama mti wa mapera. Ilipopigwa pigo la kweli, mafunjo yalisagika, nta ikapasuka, mbegu zikamwagika kati ya ngozi na kitambaa. Truphena ndiye aliyezipima zote. Alikaa karakanani, mgongo kwa ngazi ili asione, fundi akaangusha chuma mara juu ya kofia, mara juu ya ubao, na kila kofia ilipofikishwa sikioni kwake alisema "imekufa" au "iko hai", na hakukosea. Fundi akampa jina la Daktari. Wachimbaji walielezwa na Shadraka, huko ndani ya handaki, na maelezo yalikuwa mafupi: asubuhi kabla ya kuingia, itikise sikioni. Ikilia, usiivae, ilete Jumamosi kwa Kalasinga, akupe nyingine inayofanana nayo. Ofisini waliona wafanyakazi wao wameanza kupenda kofia zao, wanazibeba kwa heshima na kuziinua sikioni kila asubuhi. Msimamizi mmoja, nasikia, alidhani ni aina ya sala.

Halafu kuna Jumamosi ninayoirudia mara nyingi kuliko zote, na hakuna kilichotokea ndani yake. Shadraka alirudi kama kawaida, mweupe. Alinawa mikono, akaketi, Truphena akamwekea ugali na samaki wa kukaushwa. Alikula kidogo. Tulizungumza juu ya mvua, na juu ya jirani mmoja aliyehamishwa na familia yake bila kupewa muda wa kufunga mizigo. Rebeka alikuwa amelala. Kisha Shadraka, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, aliivuta kofia yake kutoka chini ya kigoda. Ngozi ilikuwa nzima. Aliishika kwa mikono miwili na kuitikisa mara moja, taratibu.

Ililia.

Truphena alikuwa na tonge mkononi. Hakulirudisha sahanini wala hakulipeleka mdomoni. "Tena," alisema. Shadraka aliitikisa tena. Mbegu zilizunguka ndani, nyingi, sauti kama mvua inapoanza juu ya bati. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama alivyosikiliza karakanani, lakini safari hii alichukua muda mrefu. "Utosini," alisema mwishowe. "Zote za utosini zimetoka." Shadraka alisema ndiyo, ilikuwa Jumatano, na jiwe lenyewe watu wawili hawakuweza kuliinua. Lilimgonga na kuteleza, lakini lilimgonga. Shingo ilimuuma siku mbili. Truphena aliinuka, akamshika mumewe kichwa, akakipapasa chote kwa vidole vyenye ugali, nyuma, pembeni, juu ya masikio, kama anayetafuta kitu alichodondosha. Kisha akaketi na kumwambia ale, chakula kinapoa.

Mwaka haukuwa umeisha kofia za bati zilipofika kwa treni kutoka ng'ambo. Meneja alizipenda kwa sababu zilikuwa na namba. Za kwetu zilikusanywa na kuchomwa, isipokuwa moja, ambayo Shadraka alisema ilitumbukia shimoni. Fundi Kirpal alirudi kutengeneza milango. Mimi nilipata kazi ya kufundisha, nikafundisha mpaka nikachoka. Wanafunzi waliniogopa kwa maswali. Mara mojamoja niliwauliza lile la kigong'ota, wakanijibu kuhusu mfupa wenye matundu, kwa kuwa jibu hilo lilikuwa limeshaingia hata vitabuni. Niliwapa alama zao. Sikuwaambia kwamba sikuliamini.

Siku ya mazishi, baada ya wageni wengi kuondoka na viti vya plastiki kuanza kupangwa juu ya vingine, Rebeka alinijia. Sasa naye ni nyanya. Alibeba kitu ndani ya leso, akakiweka magotini pangu: kofia, ngozi imekauka na kukunjamana, kitambaa kimeliwa na panya upande mmoja. Alisema mama yake aliiweka juu ya kabati miaka yote, na baba yao alipofariki aliishusha, akaitikisa, akairudisha. Niliitikisa. Mbegu chache zilikuwa zimebaki, na zililia. Mjukuu wa Rebeka, msichana anayesomea uhandisi, aliuliza ni nini. Nilimweleza yote, kuanzia mgunga mpaka ukuta wa magazeti, naye akasikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si la kawaida kwa umri wake. Nilipofika kwenye fuvu na ule mkate unaomeza pigo, aliona aibu kidogo. "Nyanya," alisema, "samahani, lakini hiyo si kweli." Akatoa simu yake na kunionyesha picha za ndege akigonga mti, zimepunguzwa kasi mpaka nikaweza kuona kila pigo likifika.

Wamempima, alisema. Kichwa cha kigong'ota hakimezi pigo hata kidogo. Ni nyundo tupu, kutoka ncha ya mdomo mpaka kisogoni, maana kama kingemeza pigo, mti usingetoboka. Haumii kwa sababu ubongo wake ni mdogo mno, hauna uzito wa kutosha kuumizwa na pigo lile.